Kumjibu Asiyekusikia

Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu, malenga wawili wa karne ya 19, walijibizana kwa mashairi ilhali kati yao palikuwa na bahari, na kila shairi lilipofika upande wa pili lilikuwa limekwisha kufungwa: aliyelipokea hakuweza kumkatiza mtunzi wake, wala kumwomba arudie ubeti uliompita, wala kumwonyesha kwa uso kwamba neno fulani limemchoma. Alichokuwa nacho mkononi ni kauli timamu yenye mizani yake na vina vyake, na adabu ya malumbano ilimtaka aingie katika mizani ile ile, aseme lake kwa ufasaha pasipo kuibomoa nyumba aliyoikuta. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, liliufungua uwanja huo kwa watu wa bara na pwani, na washairi ambao hawakupata kuonana ana kwa ana wakajuana kwa tungo zao. Nimetangulia na habari hizi kwa sababu kazi ambayo nimeulizwa mara nyingi niieleze, kazi ya kuongeza gitaa la solo katika muziki wa mtu aliye mbali, naiona kuwa ni ya ukoo ule ule wa malumbano, ingawa maneno yake ni noti na tarishi wake ni intaneti.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu aliye Ulaya, au Marekani, au hata mkoa wa jirani tu lakini asiyepata fursa ya kukutana nawe, hutunga kipande cha muziki wa ala tupu, kisicho na mwimbaji na aghalabu kisicho na ngoma, ambacho sauti zake zimetandazwa kwa kinanda cha umeme kama ukungu wa alfajiri juu ya maji. Akikimaliza husikia kwamba pana nafasi inayongoja sauti moja zaidi, akakipeleka kwa mpiga gitaa, naye mpiga gitaa akaongeza lake na kukirudisha. Muziki wa namna hii Brian Eno, Mwingereza, aliupa jina la ambienti katika sahani yake ya mwaka 1978 iitwayo Music for Airports, akaeleza kwamba alikusudia muziki uwezao kusikilizwa kwa makini au kuachwa upite, na usipungukiwe na thamani kwa lolote kati ya hayo mawili. Hapo ndipo penye ugumu, maana gitaa la solo kwa tabia yake halikubali kuachwa lipite. Likilia mara moja tu, kila sauti nyingine inageuka kuwa nyuma yake. Mtunzi amejenga kitu kisicho na mbele wala nyuma, kisha akamwalika msemaji asimame mbele. Asiyeutambua mgongano huu tangu mwanzo ataiharibu kazi ya mwenzake hata kama vidole vyake ni vya ustadi mkubwa.

Sisi tuliokulia katika muziki wa dansi tumelijua gitaa la solo kwa kazi nyingine kabisa. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambaye baadaye aliongoza Super Volcano na kufariki mwaka 1979, alikuwa akiimba na kulipiga solo yeye mwenyewe, hata gitaa likawa kama kinywa chake cha pili, likimalizia shairi ambalo sauti yake ilikuwa imeliacha njiani. Na Docteur Nico wa Kongo alizifanya nyuzi zing'ae juu ya bendi nzima kama jua la asubuhi juu ya mabati. Gitaa lile lilizaliwa mbele ya watu. Mpiga solo alipoona wachezaji wamenogewa alirefusha, mpiga ngoma akamsikia na kukoleza, mpiga besi akamfuata, na aliyepiga rithimu akajua kwamba zamu ya kupumzika bado haijafika. Kila mmoja alikuwa akisikia na kusikiwa kwa wakati mmoja. Katika kazi ninayoieleza usikivu ni wa upande mmoja: mwenzako amekwisha kusema, na hakuna utamu wowote utakaoufanya wewe utakaoifanya kordi yake ingoje hata nusu sekunde. Kwa hiyo mzigo wote wa kusikiliza, ambao katika bendi hugawanywa kwa watu sita au saba, unakuangukia wewe peke yako, na ndiyo maana nasema kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kabla gitaa halijatolewa mkobani.

Kupiga pamoja na sauti iliyokwisha kupita si jambo la juzi. Sidney Bechet, mpulizaji mashuhuri wa jazi, alirekodi The Sheik of Araby mwaka 1941 akipiga ala zote sita yeye mwenyewe, safu juu ya safu, kwa sahani za wakati ule. Na Les Paul pamoja na mkewe Mary Ford walitoa How High the Moon mwaka 1951 kwa kuzirundika sauti zao juu ya utepe, kwa njia ambayo kosa moja katika safu ya mwisho lingeweza kuzipoteza zote zilizotangulia. Hao walijijibu wenyewe. Kujibu mtu wa mbali kulikuja kupata sura yake mwanzoni mwa karne hii, pale Jimmy Tamborello wa Los Angeles alipokuwa akimpelekea Ben Gibbard wa Seattle muziki wa ala kwa njia ya posta, naye akaongeza sauti na kuurudisha, hata sahani yao ya mwaka 2003, Give Up, ikatoka kwa jina la The Postal Service. Mwaka uliofuata, watu wa Creative Commons, ambao leseni zao za kwanza zilitolewa Desemba 2002, walianzisha ccMixter, mahali ambapo wanamuziki waliweza kuwekeana kazi zao kwa idhini iliyoandikwa waziwazi. Tangu hapo njia zimekuwa nyingi, lakini adabu yake haijabadilika.

Msomaji huenda akauliza kwa nini wasipige kwa wakati mmoja, madhali siku hizi intaneti huchukua sauti na sura papo hapo. Jibu liko katika maumbile na wala si katika uvivu wa mafundi. Nuru ndani ya uzi wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Basi hata kama mkongo ungenyooka hivyo, sauti ingechukua milisekunde 37 kufika, na kwa kuwa mikongo huzunguka baharini na kupitia mitambo mingi, muda halisi huwa mrefu zaidi ya huo. Wanamuziki wanaopiga kwa mdundo huvumilia kuchelewa kwa milisekunde 25 au 30 hivi. Ukizidi hapo kila mmoja humngoja mwenzake pasipo kujua kwamba anamngoja, na mwendo huanza kulegea hadi muziki ukasimama. Tena hiyo ni hali ya leo. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa TEAMS kuiunganisha Mombasa na Fujairah ya Falme za Kiarabu mwaka huo huo, mawasiliano yetu mengi ya ng'ambo yalipanda kwenye satelaiti zilizo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya dunia na kushuka tena, safari ambayo peke yake hula karibu robo ya sekunde. Mikongo ile ndiyo iliyoifanya kazi hii iwezekane kwetu, kwa kuwa faili zito ambalo lilichukua usiku mzima kufika sasa hufika kabla kahawa haijapoa. Ila haikutupa uwezo wa kukaa chumba kimoja na mtu wa London, na kwa muziki huu wa polepole sioni kwamba tumepunjwa. Barua ina fadhila ambayo mazungumzo ya simu hayana, nayo ni kwamba unaweza kuisoma mara kumi kabla hujajibu.

Faili nalo lina mambo yake, na humo ndimo wengi wanamojikwaa kabla hawajagusa uzi hata mmoja. Sauti ndani ya kompyuta huhifadhiwa kwa vipimo vinavyochukuliwa kwa kasi kubwa mno, ama 44,100 kwa kila sekunde, ambacho ni kiasi kilichochaguliwa kwa ajili ya CD zilizotoka mwaka 1982, ama 48,000, ambacho ndicho kiasi cha watu wa filamu na televisheni. Iwapo mwenzako amerekodi kwa 44,100 na programu yako ikakisoma kipande chake kana kwamba ni 48,000, muziki wa dakika 5 utakwisha sekunde 24 kabla ya wakati wake, na kila noti itapanda karibu robo tatu ya toni, mahali ambapo hapalingani na chuma chochote katika shingo ya gitaa. Nimemwona kijana hodari akihangaika saa nzima, akikaza na kulegeza nyuzi, akidhani sikio lake limemsaliti, kumbe kosa lilikuwa katika tarakimu moja aliyoipita bila kuisoma. Wako pia watunzi wa muziki wa utulivu wasiofuata noti ya A yenye mitikisiko 440 kwa sekunde, iliyopendekezwa na shirika la kimataifa la viwango mwaka 1955, bali huishusha hadi 432. Tofauti yake ni kama theluthi moja ya nusu toni, ndogo mno kuonekana kuwa kosa, kubwa vya kutosha kumfanya msikilizaji ahisi kwamba kitu fulani kimeoza na asijue ni kipi. Muulize mwenzako kabla hujatyuni. Mwombe pia faili la WAV badala ya MP3, kwa sababu MP3 katika kubana sauti huongeza kimya kidogo mwanzoni, na gitaa ulilopiga kwa kulifuata faili hilo huenda likachelewa kidogo litakapowekwa juu ya rekodi yake ya asili.

Liko jambo moja dogo la umeme ambalo sijaona likiandikwa kwa lugha yetu. Sumaku za gitaa zinazopokea mtikisiko wa nyuzi hupokea pia mvumo wa umeme wa nyumbani, na umeme wa Afrika Mashariki hutikisika mara 50 kwa sekunde ilhali wa Marekani hutikisika mara 60. Mvumo wa 50 unakaribia sana noti ya G ya chini kabisa ya piano, ambayo ina mitikisiko 49, kwa hiyo kipande kikiwa kimejengwa juu ya G mvumo wa chumba chako hujificha ndani ya msingi wa mwenzako, usiusikie kabisa unapopiga. Lakini ukikutana na mvumo wa 60 uliobaki katika rekodi yake, miwili hiyo hupigana mara 10 kwa kila sekunde, na chini ya muziki uliokusudiwa kuwa shwari pakawa na mtetemo kama wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Dawa yake ni rahisi. Nikiwa narekodi huzima feni na taa za mirija, nikageuka na gitaa taratibu mpaka niipate pembe ambapo mvumo ni mdogo kuliko kwingine, kisha nikaketi hapo hapo nisisogee, na joto la chumba nikalivumilia.

Sasa nieleze kusikiliza kwenyewe, na nitafanya hivyo kwa kipande kimoja nilichopelekewa na mpiga kinanda wa Amerika ya Kaskazini, cha dakika 5, kilichosimama juu ya G inayodumu tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikisikiliza mara tatu kwa spika za masikioni, gitaa likiwa mkobani, kalamu na karatasi vikiwa mkononi. Mara ya kwanza sikuandika kitu. Mara ya pili niliandika saa: kwamba sauti zile zilikuwa zikivimba na kunywea kila baada ya sekunde 11 hivi, kama kifua cha mtu aliyelala, kwamba katika dakika ya 2 noti moja ya juu sana ilitokea kwa mbali, ikakaa, ikazimika, na kwamba kuanzia hapo palikuwa na pumzi mbili nzima ambamo mwenyewe hakuweka kitu chochote. Nilitambua kwamba mlango wangu ni ule. Hakuwa ameniandikia niingie wapi, lakini aliyeziacha pumzi mbili tupu baada ya kuwasha taa na kuizima alikuwa amekwisha kusema.

Mara ya tatu ndiyo niliyopaswa kuisikiliza kwa makini zaidi, na sikufanya hivyo. Kordi zilizotanda juu ya G ile zilikuwa na G na D tu, na noti ya tatu, ile inayoamua kama ngazi ni meja au maina, yaani kama moyo wa wimbo umekunjuka au umekunjika, haikuwamo. Nilipoanza kurekodi vidole vyangu viliijaza nafasi hiyo kwa B flati, noti ya huzuni, kwa sababu kila gitaa lililotanda juu ya ukungu nililowahi kulipenda lilikuwa la huzuni. Nikapiga vizuri, nikaridhika, nikapeleka. Jibu lake lilikuwa la mistari miwili. Alinishukuru, kisha akaniomba nisikilize dakika ya 4 na sekunde 10. Nikasikiliza. Pale, chini sana, kwa kinanda kilichofifishwa kiasi cha kuonekana kama kumbukumbu, aliiweka B asilia, noti ya meja, mara moja tu katika kipande kizima. Dakika zote nne zilizotangulia alikuwa ameificha ili ifike pale kama kukucha baada ya usiku mrefu. Gitaa langu lilikuwa limekwisha kuwaambia wasikilizaji kwamba hakutakucha. Kwa lugha ya malenga, nilikuwa nimebadili kina cha mwenzangu katika ubeti wa kwanza, na shairi lake likakosa mahali pa kumalizikia. Nilifuta rekodi yote, na katika upya wake nikaepuka B ya namna yoyote hadi dakika ile, nikizunguka katika G, A, C na D, noti nne zisizokula kiapo upande wowote. Na ilipofika B yake asilia sikuipiga mimi kabisa, bali niliiacha D yangu izimike ili ile yake isikike.

Taarabu ya Unguja imeujua ustaarabu huu zamani. Katika taksim, pale udi au kanuni inaposema peke yake huku fidla zikishikilia sauti moja nyuma yake, mpigaji halazimiki kuonyesha ngazi yote kwa pumzi ya kwanza. Huanzia chini, akazikalia noti chache, akazitembelea jirani zake moja moja, na ile noti ya juu inayongojewa huichelewesha hadi waliohudhuria wakaanza kuitamani. Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ililea vizazi vya wapigaji katika adabu hiyo, na bashraf zilizopigwa bila maneno zilimfunza msikilizaji wa Unguja kukaa na ala tupu pasipo kuuliza mwimbaji yuko wapi. Mpiga gitaa wa kwetu akiingia katika muziki wa ambienti kutoka upande wa taksim atafika salama zaidi kuliko akiingia kutoka upande wa sebene, kile kipande cha dansi kinachoachiwa magitaa, na nasema hivi mimi ambaye sebene ndiyo iliyonilisha.

Mfano ulio maarufu kuliko yote kwa upande wa Magharibi ni mwanzo wa Shine On You Crazy Diamond wa Pink Floyd, katika sahani ya Wish You Were Here ya mwaka 1975. Vinanda vya Richard Wright vinatanda peke yao juu ya G, katika ngazi ya maina, kwa muda ambao mtayarishaji mwenye haraka angeukata. Gitaa la David Gilmour likitokea linazungumza kwa vifungu vifupi na kunyamaza kati yake. Na takriban dakika 4 zinapokaribia kutimia, yote yanatulia na zinabaki noti 4 tu: B flati, F, G na E. Tatu za kwanza ziko nyumbani. Ya nne haiko, kwa sababu sikio lililozoea maina lilikuwa likitazamia E flati, na E ile asilia inayopandisha nusu toni moja tu inaufungua mlango ambao mtu hakujua kuwa upo. Nimewasikilizisha wanafunzi noti hizo mara nyingi, na kila mara naona kwamba kinachowagusa ni ujasiri wa mpigaji kuziacha zizimike zenyewe, kila moja ikiisha pale inapotaka, kabla hajazirudia.

Katika ufundi wa mkono nitataja machache. Sauti ya uzi uliochokolewa ina kichwa na mkia: kichwa ni ule mgongano mkali wa mwanzo, na mkia ni sauti inayobaki. Muziki wa kutanda hauna vichwa, kwa hiyo gitaa lenye kichwa kikali husikika kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Njia ya kale ni kuuchokoa kwanza uzi sauti ikiwa imefungwa, kisha kukizungusha kwa kidole kidogo kile kirungu cha sauti kilicho juu ya gitaa ili noti ichipuke kutoka kimyani. Ukiizoea, gitaa huvuta pumzi kama fidla. Mwangwi nao una hesabu yake: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo ya kila dakika, na utapata milisekunde za pigo moja. Kipande cha mapigo 60 kina pigo la milisekunde 1,000, na mwangwi wa 750 utaanguka penye nafasi kati ya pigo na pigo, ukajaza pasipo kusonga. Robert Fripp na Brian Eno, katika sahani yao ya mwaka 1973, waliupitisha utepe mmoja katika mashine mbili za Revox, hata kila noti ya gitaa ikarudi baada ya sekunde kadhaa na kuwa msingi wa noti iliyofuata. Asikilizaye leo atatambua kwamba Fripp alilazimika kupiga machache, kwani kila alilolisema lilimrudia. Mwisho, kumbuka kwamba uzi mnene wa gitaa huanzia mitikisiko 82 kwa sekunde na vinanda vya kutanda hujaa tele kuanzia 200 hadi karibu 1,000. Ukipunguza uzito wa gitaa ulio chini ya 150 hakuna atakayeona limepungua, na msingi wa mwenzako utabaki safi.

Katika kurudisha kazi, peleka faili mbili: moja yenye mwangwi wako kama ulivyouwazia, na moja kavu, ya gitaa tupu, ili mwenyewe aliweke katika chumba kimoja na sauti zake. Zote mbili zianze pale pale kipande kinapoanza, hata kama gitaa lako linangojea dakika 2 kabla halijatamka, kwani kimya hicho cha mwanzo ndicho kitakacholiweka mahali pake pasipo yeye kubahatisha. Usilipandishe gitaa hadi ukomo wa kipimo, na usichanganye sauti kwa niaba yake isipokuwa amekuomba. Zamu ya kutosikiwa ilikuwa yake ulipokuwa ukirekodi. Sasa ni yako, na atakapoketi kuchanganya atakukata, atakufifisha au atakusogeza nyuma pasipo kukuuliza, na ni haki yake kama ilivyokuwa haki yako kuchagua pa kuingilia.

Kuhusu haki zenyewe kwa maana ya sheria, jambo hili lisiachwe kwa urafiki peke yake. Kazi iliyotolewa kwa leseni ya Creative Commons inayokataza mabadiliko haiwezi kuongezwa gitaa na kutangazwa pasipo idhini nyingine, kwa kuwa kuongeza ni kubadili. Iliyokataza biashara haiuzwi. Na inayotaka mtunzi atajwe, atajwe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 ina majina mawili mazuri ambayo kila mpiga gitaa angefaa kuyajua, hakimiliki na hakishiriki, la kwanza likimlinda aliyetunga, la pili likimlinda aliyepiga. Mwenzako, aliyetunga na kupiga kipande chake, ana yote mawili. Wewe nawe, kwa solo uliyoibuni na kuipiga mwenyewe, una sehemu katika yote mawili, lakini sehemu hiyo ni ya kuandikiana mapema, kwa barua fupi isemayo jina la nani litatangulia na mapato, yakitokea, yatagawanywa vipi.

Kipande kile cha dakika 5 kilinirudia kikiwa kimekamilika baada ya siku 9. Gitaa lilikuwa limebaki katika muda usiotimia dakika 2, na kifungu changu cha mwisho, ambacho nilikipenda kuliko vyote, mwenyewe alikuwa amekiondoa ili G yake imalize peke yake. Nilikisikiliza mara tatu na sikumwomba akirudishe. Wewe unayepiga gitaa Tanga, au Lamu, au Bujumbura, na unayetaka kuanza, usianze kwa kumpelekea mtu wa mbali ustadi wako wote: tafuta kipande kifupi cha mtu aliyekwisha kutoa idhini, soma leseni yake, muulize A yake ina mitikisiko mingapi, kisha lala nacho usiku mmoja kabla hujafungua mkoba.